Salamu Zimefika

Mwaka jana, mwanzoni mwa Mfungo Tano, wenzangu wa msikitini waliniomba niwatungie shairi la kusomwa usiku wa Maulidi. Mada waliyonipa ilikuwa neno moja tu: ibada. "Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, tena mshairi," alisema imamu wetu. "Tueleze ibada ni nini, kwa beti zisizozidi 12, watoto wasije wakalala." Nilikubali upesi, kama mtu aliyeona kazi ni nyepesi. Nimefundisha lugha kwa miaka 23 hapa Tanga, nimesali tangu nina miaka saba, na neno lenyewe nalisikia kila siku. Nilidhani beti hizo zingekamilika baina ya Magharibi na Isha.

Zilichukua wiki tatu. Sababu ya kuchelewa huko ndiyo ninayotaka kuwasimulia wapenzi wa lugha, kwa kuwa imenifunza kuhusu neno hili jambo ambalo kamusi hazikunifunza, na kwa kuwa katika kujifunza kwangu kulikuwa na mtu niliyemdhulumu.

Nilianza kama waanzavyo watunzi wengi, kwa kulichimbua neno. Ibada limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni herufi tatu: ain, ba na dal. Mzizi huo ndio uliozaa neno abdi, yaani mtumwa, na ndio uliomo katika majina tunayoyaita kila asubuhi madarasani: Abdalla, Abdurahmani, Abdulkarimu. Wataalamu wa kamusi za Kiarabu wanaeleza kwamba hata njia iliyokanyagwa na nyayo nyingi mpaka ikalainika na kupitika kwa urahisi huitwa kwa neno la mzizi huohuo. Basi mwenye kuabudu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyelainika. Ugumu wake umekwisha kukanyagwa.

Kiswahili kilipolipokea neno hili kililitenga na ukoo wake. Mwarabu akitamka abdi na ibada, sikio lake husikia ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja. Sisi abdi tumemwita mja, neno letu wenyewe, na ibada tumeiacha ilivyokuja. Mja na ibada, sikioni, hayana udugu wowote. Kwa hiyo Mswahili anaweza kufanya ibada umri wake wote bila ya lugha yenyewe kumkumbusha kwamba kufanya ibada ni kuwa mja.

Tuna pia neno la Kibantu, kucha, lililobaki hai katika mcha Mungu na katika kicho. Nalipenda neno hili kwa sababu ya sarufi yake. Ibada "hufanywa", lakini mcha Mungu mtu "huwa". Tunasema ibada imeanza, ibada imekwisha. Na ndugu zetu Wakristo nao husema ibada ya Jumapili ni saa tatu asubuhi. Hakuna awezaye kusema kwamba fulani alikuwa mcha Mungu kuanzia saa saba mchana hadi saa saba na robo. Ucha Mungu hauna saa ya kufunga mlango.

Maana ya ibada katika Uislamu ni pana kuliko matumizi yetu ya kila siku. Katika Surat Adh-Dhariyat, aya ya 56, Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba majini na watu wameumbwa kwa kusudi moja, nalo ni kumwabudu Yeye. Kama ibada ingekuwa ni sala peke yake, hesabu ingegoma. Sala tano, hata zikisaliwa kwa utulivu pamoja na sunna zake, hazimalizi saa mbili katika siku. Saa 22 zilizobaki ziliumbiwa nini? Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 1328, aliliandikia suala hili risala nzima, akaeleza kwamba ibada ni jina linalokusanya kila jambo analolipenda Mungu na kuliridhia, liwe neno au tendo, la dhahiri au la moyoni. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuondoa njiani kitu kinachowaudhi wapitao ni tawi katika matawi ya imani, na kwamba kumtabasamia nduguyo ni sadaka. Na hadithi ambayo Imamu Bukhari aliitanguliza katika mkusanyo wake, iliyopokewa na Umar bin Khattab, inafundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia.

Washairi wetu wa kale walilijua jambo hili bila ya kulifanyia mjadala. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia binti yake utendi wa wasia, mwaka 1858, alianza na dini, faradhi na sunna. Mara akaingia katika adabu na ulimi mwema, mara katika ukweli na uaminifu. Hakuna ukuta baina ya mambo hayo. Msomaji hajui ni ubeti gani ametoka msikitini na ni ubeti gani ameingia jikoni.

Yote hayo niliyaweka katika beti tano za mwanzo, na ziliandikika kwa siku mbili. Nilichagua tarbia, mizani 16 kwa mshororo, kina cha mwisho kikiwa -da. Kina hicho kina neema: ibada, faida, shida, muda, mada. Maneno yalikuja yenyewe, moja likimwita mwenzake, mpaka katika ubeti wa sita likaja neno ada. Hapo kalamu ilisimama.

Ada ni neno fupi lenye vyumba vingi. Ni mazoea na desturi. Tena ni malipo, kama tunaposema ada ya shule. Wanachuoni nao huliweka karibu sana na ibada. Kula, kulala, kushona na kulima ni ada, husema, lakini nia njema huigeuza ada ikawa ibada. Kisha huongeza upande wa pili, ambao tunapenda kuusahau: ibada isiyokuwa na nia hai hugeuka ikawa ada. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo kwa mizani minane, ndipo methali ikaniingilia bila ya kubisha hodi: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Katika methali hiyo mja si mtu wa kusifiwa. Ni yule asiyekuwa na kitu mkononi isipokuwa maneno. Nilizitazama beti zangu tano, maneno mazuri yaliyopangwa safu kama watu wa sala ya Ijumaa. Kisha nikaivua kofia ili nijikune kichwa, kama ilivyo desturi yangu kina kinapokwama, nikaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa kofia ambayo sikuwa nimemaliza kuilipa.

Kofia hiyo ni bulibuli, nyeupe juu ya nyeupe, iliyodariziwa kwa mkono. Ina mamia ya matundu madogo, kila tundu limezungushiwa uzi pande zote hata likawa kama jicho la sindano. Iliishughulikia kwa miezi miwili mikono ya mama mmoja mjane wa Ngamiani, mitaa miwili kutoka kwangu, ambaye watoto humwita bibi wa kofia. Nilimwagizia katika mwezi wa Rajabu. Tulipatana shilingi 70,000. Nilimpa 30,000 za kuanzia, na 40,000 nilimwahidi siku ya kuipokea.

Aliikamilisha siku mbili kabla ya Ramadhani. Siku hiyo mfukoni sikuwa na kitu. Nikamwambia, "Mama, kabla ya Idi, inshallah." Akasema, "Hewala, mwanangu. Uivae kwa heri."

Nikaivaa. Ramadhani nzima nilisimama nayo safu ya kwanza, nyuma ya imamu. Nilikaa nayo itikafu katika kumi la mwisho. Watu waliniuliza, "Mashaallah, kazi ya nani hii?" nami nikawatajia jina la mama yule, nikaona kwamba kumtangaza ni sehemu ya kumlipa. Idi ikafika. Kulikuwa na nguo za watoto, viatu vya watoto, na ada za muhula uliokuwa unakuja. Idi ikapita.

Mfungo Mosi, baada ya Alasiri, mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka tisa au kumi, alisimama mlangoni pangu. "Shikamoo, mwalimu. Bibi anakusalimu."

Kwetu pwani salamu za namna hiyo huja na mzigo. Anayedai kwa adabu hatamki deni. Hutuma salamu, na mdaiwa mwenye adabu huzijibu kwa fedha. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana wa kidato cha tatu tafsida na maana iliyojificha nyuma ya maneno. Nilimwelewa mtoto yule kabla hajamaliza kusema. Nikamjibu, "Mwambie salamu zimefika."

Mfungo Pili alirudi na maneno yaleyale, nami nikamrudisha na jibu lilelile. Mfungo Tatu alikuja wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja. Siku hiyo nilikuwa nimetoka mnadani na mbuzi, nimemfunga chini ya mwembe wa uani. Mtoto alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, akasema, "Bibi anakusalimu sana." Neno "sana" lilikuwa jipya. Nikamwambia zimefika.

Siku ya Idi nilichinja, nikagawa nyama kama sunna inavyoelekeza. Fungu moja zuri, la paja, nilimpelekea bibi wa kofia. Niliambiwa kwamba alilipokea na kuniombea dua. Nilifurahi, na siku nzima nilijiona mtu mwema. Baada ya siku hiyo mjukuu wake hakuja tena, nami sikujiuliza kwa nini.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani mwangu usiku ule, pamoja na karatasi yenye beti tano na nusu kuhusu ibada.

Nilijaribu kujitetea. Shilingi 40,000 si fedha nyingi, nilijiambia. Lakini katika miezi hiyohiyo duka la mtaani nililipa kila mwisho wa mwezi, bila ya kukosa, kwa sababu mwenye duka ana daftari na ana mdomo. Mama yule hakuwa na daftari, na mdomo wake ulikuwa wa kusalimu tu. Hapo nikalikumbuka lile neno nililolipenda, kucha. Miezi ile sikuwa mcha Mungu. Nilikuwa mcha mwenye duka.

Kisha nikayaona maneno mawili ambayo nimeyaandika ubaoni mara nyingi bila ya kuyaweka pamoja: dini na deni. Katika Kiarabu yote mawili huandikwa kwa herufi zilezile, dal, ya na nun. Katika Kiswahili yametenganishwa na irabu moja. Tazama tena tunavyosema juu ya ibada zetu wenyewe. Aliyeacha kufunga kwa safari au maradhi husema anadaiwa funga, na baadaye huzilipa. Aliyepitwa na sala huilipa kadha. Lugha ya ibada kwetu ni lugha ya mdai na mdaiwa, na Mdai wa kwanza ni Mola. Mimi deni hilo la kwanza nililipa kwa wakati, safu ya kwanza. La pili nililijibu kwa salamu.

Na Qurani yenyewe ilikuwa imekwisha kunieleza. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Surat Al-Baqara, haizungumzii sala wala Hija. Inazungumzia deni, namna ya kuliandika na kulishuhudisha. Mtume alipoletewa jeneza la mtu anayedaiwa dinari chache asizoziachia malipo, alijizuia kumsalia mpaka sahaba Abu Qatada alipojitwika deni lile. Na amefundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa anachodaiwa, kuchelewesha huko ni dhuluma. Udhia niliouchinja ni sunna katika madhehebu yetu ya Shafii. Deni lililokwisha kufika muda wake ni wajibu. Nilikuwa nimenunua sunna kwa fedha za wajibu, kisha nikampelekea mwenye fedha paja.

Nadhani kosa hili lina historia. Chuoni tulisomeshwa Safina, kitabu kidogo kipendwacho sana pwani, kinachofundisha twahara na sala kwa mpangilio mzuri: nguzo, masharti, mambo yanayobatilisha. Vitabu vikubwa vya fiqhi huendelea mbele, vikaingia katika milango ya kuuza na kununua, kukopa na kukopesha, kuajiri na kulipa ujira. Mimi niliondoka chuoni kabla ya kuifikia milango hiyo. Nikakua nikijua kwa hesabu yanayobatilisha udhu wangu, na mambo ya fundi na ujira wake nikayaacha kwa hisani yangu mwenyewe, kana kwamba si katika dini.

Asubuhi yake, baada ya Alfajiri, nilimfuata imamu. Nilimsimulia yote, kisha nikauliza swali la mwanafunzi wa Safina: je, sala nilizosali ndani ya kofia ile zimesihi?

Alicheka kidogo. "Kofia hukuiiba, mwalimu. Umeuziwa. Sala zako zimesihi."

Nikashusha pumzi.

"Lakini hukuja kuniuliza hilo," akaendelea. "Unaikumbuka hadithi ya mufilisi?"

Niliikumbuka. Mtume aliwauliza maswahaba wanamjua mufilisi kuwa ni nani. Wakasema ni asiyekuwa na fedha wala mali. Akawaeleza kwamba mufilisi katika umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiama na sala, funga na zaka, hali ya kuwa amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Basi mema yake yatagawiwa hao mpaka yaishe, na yakiisha kabla ya madeni, atabebeshwa makosa yao.

"Basi fanya hesabu," alisema imamu. "Ramadhani nzima ulikuwa ukimsalia nani?"

Siku hiyo baada ya Alasiri nilikwenda. Katika bahasha nilitia shilingi 60,000, yaani deni na 20,000 za juu. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi, na kwa bahati mbaya yalikuwa mazuri.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Alikuwa ameketi juu ya mkeka, karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwangu. Nilikuwa mlangoni, hatua nne kutoka kwake, na hakunijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ah, mwalimu! Nimekujua kwa sauti. Nakusikia kila usiku wa Ijumaa, ukisoma Yasini kwenye kipaza sauti. Karibu, keti."

Nilipoketi ndipo nilipoyaona macho yake. Katika mboni ya kila jicho kulikuwa na wingu jeupe. Hapo maneno yangu mazuri yalipotea yote. Nikamwekea bahasha mkononi nikasema tu, "Mama, deni lako. Nimechelewa."

Hakujibu neno. Alizitoa noti, akazisogeza moja moja karibu kabisa na uso wake, kuelekea kwenye mwanga, kisha akazipapasa kwa vidole.

"Mbona zimezidi?"

"Hizo za juu ni zawadi, mama, kwa kukuchelewesha. Si riba, maana hatukupatana. Hata Mtume alikopa ngamia akalipa aliye bora."

"Mtume alijua kulipa," alisema. Akatenga noti nne, na mbili akanirudishia. "Zawadi haiji siku moja na deni, zikachanganyika nisijue ipi ni ipi. Ilete siku nyingine."

Nikazipokea. Kisha nikamwomba radhi.

"Radhi nilikupa zamani," alisema. "Nilikupa usiku wa Idi ya kuchinja, baada ya ile nyama. Nilisimama kusali Isha, nikifunga sala moyo unakutaja wewe. Nikaanza tena, unakutaja wewe. Nikasema, mtu huyu amekaa na fedha yangu, sasa amekuja kukaa na kwenye sala yangu? Nikakusamehe ili nipate kusali. Ndipo nikamwambia mtoto asije kwako tena."

Sikuwa na la kusema.

"Lakini fedha nilikuwa nazitaka," akaongeza, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. "Mfungo Pili walikuja madaktari wa macho. Nilitaka nauli na dawa. Wamekwisha kwenda. Watarudi, inshallah."

Neno inshallah nililolitamka mimi katika Shaabani na lile alilolitamka yeye siku ile ni neno moja, herufi zilezile. La kwangu lilikuwa mlango wa kutokea.

Pembeni yake palikuwa na kofia iliyofika nusu. Nilimwuliza anaiona vipi. Akasema haioni, ila vidole vinajua tundu liko wapi; kazi imekuwa ya polepole, na pengine hii itakuwa ya mwisho mpaka macho yatazamwe. Nikakumbuka niliyowahi kusikia mtaani, kwamba katika kila tundu la kofia zake humsalia Mtume mara moja. Nikamwuliza kama ni kweli.

"Kweli."

Nilitaka kusikia habari ya nia na thawabu, nipate ubeti. Nikamwuliza kwa nini.

"Kazi ndefu hii, mwalimu. Mdomo usipopewa kazi utasengenya."

Tukacheka wote wawili. Lakini nilipokuwa nikicheka nilikuwa nahesabu matundu ya kofia iliyokuwa kichwani mwangu, na sikuweza kufika mwisho. Wanachuoni wameandika namna ada inavyogeuka kuwa ibada. Mimi nilikuwa nimeivaa ada iliyogeuka kuwa ibada, nikaingia nayo kila siku katika ibada iliyokuwa imegeuka kuwa ada.

Nilipotaka kuaga, alisogeza mbele yangu kijimto kilichochomekwa sindano tano, na kibunda cha uzi mweupe. "Mtoto ndiye hunisaidia akitoka shule, leo kachelewa. Nitungie hizi, mwanangu, kabla jua halijatua."

Nikalowesha ncha ya uzi mdomoni kama nilivyomwona marehemu mama yangu akifanya. Mara ya kwanza uzi ulipinda. Mara ya pili ulipita kando. Yeye alisubiri, mikono juu ya mapaja, bila ya kusema lolote. Sindano ya kwanza ilinichukua muda kuliko ubeti wowote niliowahi kuutunga. Ya pili ilikuwa afadhali. Nilikuwa nimeichomeka ya tatu katika kijimto wakati mwadhini alipoadhini Magharibi.

Miguu yangu ilinyanyuka yenyewe. Ina mazoea ya safu ya kwanza. "Mama, adhana."

"Naisikia," alisema. "Bado mbili."

Nikakaa. Nikazitunga mbili zilizobaki, nikazichomeka moja karibu na mwenzake ili vidole vyake visizitafute, kisha nikatoka mbio. Nilikuta wamekwisha kurukuu rakaa ya pili. Nilisimama safu ya mwisho, karibu na viatu, pamoja na watoto na wapita njia, na baada ya imamu kutoa salamu nikainuka kulipa rakaa iliyonipita.

Usiku wa Maulidi, tarehe 12 Mfungo Sita, shairi lilisomwa. Lilikuwa na beti 11. Ubeti wa sita, ule wa kina cha ada, niliuondoa, kwa kuwa kila nilivyouandika ulikuwa unanisifu. Watu walilipokea vizuri, na watoto wachache walilala kama imamu alivyohofia. Wakati wa halua na kahawa mzee mmoja aliniuliza kwa nini sikueleza ibada ni nini waziwazi, maana ndiyo niliyoombwa. Nilimwambia kwamba ninaendelea kujifunza, na nadhani alilichukulia jibu hilo kuwa ni unyenyekevu.

Wiki iliyofuata, baada ya Alasiri, nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi niliposikia hodi ndogo mlangoni. Alikuwa yule mjukuu.

"Shikamoo, mwalimu. Bibi anakusalimu."

Sikujua ni ile zawadi niliyoambiwa niilete siku nyingine, au ni sindano, au ni habari kwamba madaktari wa macho wamerudi. Huenda kweli zilikuwa salamu tu. Sikumwambia kwamba zimefika. Niliingia ndani nikachukua zile noti mbili, nikavaa viatu, tukafuatana.